Siyo Mukaka Yake Njo Alimupiga Bomba

"Nani alimupiga huyu mutoto bomba?"

Munganga mwanamuke wa Butembo aliuliza mara moja tu, bila kupaza sauti. Alikuwa amefungua kitambaa ya mutoto yangu, akainama, akasikia harufu ya majani. Bamama walijaa ku mabenchi, kila mumoja na mutoto yake na karatasi ya kilo mu mukono. Bomba ni ule mupira mwekundu wenye shingo, wenye Bafaransa wanaita poire. Unauminya, unavuta dawa, unaingiza mutoto kwa nyuma, unaminya tena. Karibu kila nyumba ya kwetu ilikuwa nayo. Kwa hiyo hakukuwa hata mama mumoja pale asiyejua ile swali inatafuta nini.

Mimi njo nilikuwa nimemupiga. Jana yake, mu Beni, na huu mukono wenye naandikia.

Nikasema: "Ni mukaka yake."

Mukaka yake, mama ya bwana yangu, alikuwa ameketi karibu yangu na kofia ya mutoto ya sufi juu ya magoti. Akanigeukia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia sawa mutu mwenye wanamuita kwa jina isiyo yake, anafikiri kidogo kama ataitika.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

"Weye muzee," munganga akamwambia, "umeminya maji yote ya huyu mutoto. Sasa nitaingiza serum wapi?"

Alitafuta mushipa ku mukono, ku muguu, kisha ku kichwa. Alinyoa nywele kidogo na wembe. Huko nje masomo ya jirani ilipiga kengele ya rekreasio, batoto wakatoka wakipiga kelele na kucheka, na mu ile kelele mutoto yangu akaacha kupumua. Alikuwa na meno munane. Ya tisa ilikuwa inachomoka.

Nilisoma mpaka mwaka ya ine ya primaire, donc mwenye kusoma hii anivumilie. Naandika polepole, lakini hii safari nitaandika yote.

Wakati niliolewa Mbau, mama mukwe aliniingiza jikoni, akanionyesha fasi ya chumvi, fasi ya panga, na ile bomba ilitundikwa ku musumari nyuma ya mulango. "Hii njo hospitali ya hii nyumba," alisema. Yeye alitoka Masereka, kule juu ku baridi, na alisema huko wanamuke hawezi kuolewa kama hajue kushika bomba. Alinifundisha majani ya kuponda, namna ya kuchuja na kitambaa, namna ya kupima joto ya maji ku mukono. Mutoto unamulaza kifudifudi juu ya mapaja, unamuimbia kidogo, hasikii hata.

Kila siku ya posho, yaani Jumamosi, mbele ya kwenda misa ya kesho, batoto ya nyumba walipanga mustari. Tuliita ile kusafisha tumbo. Mutoto ana homa, bomba. Anakohoa, bomba. Anakataa ugali, bomba. Hata mwenye kuharisha tulimupiga. Tuliona mambo hivi: uchafu unataka kutoka, donc tuusaidie utoke mbio. Hakuna mutu alitudanganya juu ya ile. Tulijidanganya sisi wenyewe, mama kwa binti, na tuliona ni upendo.

Mimi nilikuwa na mukono muzuri kupita mama mukwe. Batoto hawakulia kwangu. Majirani wakaanza kuniletea batoto yao, na wakanipa jina: Docteur ya Nyuma. "Docteur ya Nyuma iko?" wanaita toka njiani, na mimi natoka jikoni nikipanguza mikono, nacheka. Sikukuwa na kitu ingine yenye watu walinijulia mu ile kijiji. Sikukuwa na masomo, sikukuwa na duka. Nilikuwa na ile mukono.

Ku centre de santé ya pale kulikuwa na munganga mukubwa, titulaire. Nitamuita hivyo tu, yeye anajijua. Siku ya kilo, kisha kupima batoto, alikuwa anafundisha. Siku moja alileta mufuko wa plastiki wenye maji, akautoboa chini na sindano. Maji ikaanza kutiririka.

"Bamama, huyu ni mutoto mwenye kuharisha," akasema. "Maji inatoka. Mutafanya nini?"

"Tumuongeze maji!" bamama wakajibu.

"Sawa. Lakini nyinyi munafanya hivi." Akakamata mufuko, akauminya na mikono mbili. Maji yote ikaruka, mufuko ukabakia ngozi tu. "Ile njo bomba yenu."

Wengi waligeuka kuniangalia mimi. Nikasikia uso inawaka, basi nikasema kwa sauti toka kule nyuma:

"Titulaire, na weye mama yako hakukupiga? Mbona uliota munene hivi?"

Wee! Bamama walicheka mpaka benchi moja ikaanguka na watu wake. Titulaire naye alicheka, lakini kwa mudomo tu. Akaendelea kutuonyesha saché ya dawa ya chumvi na sukari, ya kuchanganya mu litre ya maji safi, na namna ya kumupa mutoto kijiko kwa kijiko, akitapika unangoja kidogo, unaanza tena. Akasema: ukivuta ngozi ya tumbo yake na inachelewa kurudi, ao macho imeingia ndani, ao analia bila machozi, usingoje. Nilisikia yote. Mutu asiniambie sikufundishwa. Ningeweza kusimama pale na kuyarudilia neno kwa neno.

Mwenye alisikia kwa roho ni mama mukwe. Tulipofika nyumbani, alitoa bomba ku musumari, akaitia chini ya kitunga ya maharagi.

"Mama, juu ya nini?" nikamuuliza.

"Ile mufuko ya maji imeniingia mu kichwa," akasema. "Nilizaa batoto kenda. Watatu walienda na kuharisha. Niache nifikiri."

Mimi, kesho yake, niliitoa chini ya maharagi nikaitundika tena ku musumari.

Kisha vita ikafika kwetu. Ya kwanza ilipita mbio sawa mvua ya njiani. Ya pili ikakaa. Leo basoda wanajiita hivi, kesho wanajiita vile, bendera inabadilika, lakini mbuzi wenye wanakamata ni bale bale, ni betu. Kamanda mumoja, murefu, wa miwani nyeusi, aliingia mu centre de santé akasema ni pake. Bagonjwa walitoka na mikeka ku kichwa. Milango walichoma kwa kupika maharagi yetu. Balansi ya kupimia batoto waliitundika ku muti wa avoka, wakapimia nyama. Mimi niliona na macho yangu: ile suruali ya kitambaa yenye tulivalisha batoto juu ya kupimwa, sasa imebeba muguu wa mbuzi, damu inadondoka. Kamanda, kama ungali muzima, ule ni weye. Ile balansi ilikuwa ya batoto.

Titulaire alitoa makarton ya dawa kwa dirisha ya nyuma, akayabeba ku kinga, baisikeli yake. "Ninaenda kuyaficha kwa ajili yenu," alituambia. Tulimushukuru. Mama mukwe alimwambia kwa Kinande wasingya, wasingya, na mikono mbili.

Siku tulikimbia, bwana yangu alikuwa Butembo. Alikuwa amepeleka mafuta ya ngazi, yaani mawese, njia ikafungwa nyuma yake. Basi tulikuwa mimi, mama mukwe na batoto tatu. Mama mukwe alibeba mudogo ku mugongo, toka Mbau mpaka Beni, yeye na miguu yake ya kuvimba. Mimi nilibeba unga, sufuria na mavazi. Ndani ya mavazi nilitia bomba. Chumvi niliisahau, lakini bomba sikuisahau.

Mu Beni tulilala mu klasi ya masomo pamoja na jamaa ingine nyingi, choo moja, maji ya kuteka mu kijito kule chini. Siku ya tatu, mudogo akaanza kuharisha. Maji tupu, sawa yenye kuosha muchele. Mama mukwe aliomba muchele kidogo kwa jirani, akaomba chumvi ya kushika na vidole mbili, akapika uji mwepesi sana, akaketi na kijiko. Kijiko. Anangoja. Kijiko. Mutoto anatapika, mukaka anamupanguza, anahesabu polepole kwa Kinande, anaanza tena. Alifanya vile siku nzima na kesho yake. Na mutoto akakojoa. Nasema ile juu mujue: alikojoa. Maji ilikuwa inabakia ndani.

Lakini macho yake ilikuwa bado ndani, na mimi niliogopa. Nikaenda ku soko kutafuta saché. Na nani niliona? Bibi ya titulaire, ameketi nyuma ya meza ya sabuni na viberiti, na saché zimepangwa pale mbele sawa pipi. Zile zile za centre yetu, zenye kuandikwa juu yake haziuzwe. Titulaire mwenyewe alisimama pembeni.

"Titulaire," nikamwambia, "mutoto yangu anaharisha siku ya tatu. Nipe saché moja tu. Nitarudisha."

Akaniangalia. Niliona amenijua mara moja.

"Zile zimeshapata benyewe," akasema.

"Na mu ile carton?"

Bibi yake alikuwa ameketi juu ya carton. Akavuta kikwembe, akaifunika.

"Carton ni ya sabuni," titulaire akasema. Kisha akatabasamu. "Mais Docteur ya Nyuma, weye unanitafutia nini mimi? Si uko na dawa yako? Kamupige bomba! Nami si uliona nimeota munene?"

Watu wa meza za karibu walicheka, hata bila kujua wanacheka nini. Niliondoka.

Sitaki mutu aseme nilimusikia vibaya. Nilijua ananitukana. Nilijua ile yenye anasema siyo dawa, ni kisasi ya ile benchi yenye ilianguka Mbau. Lakini njia yote ile sauti ilinifuata, na badala ya kulia nikaanza kujibu mu moyo: ndiyo, niko na dawa yangu, utaona. Nilitaka mutoto apone na mukono yangu, kisha nipite naye mbele ya ile meza. Ile njo ukweli na ni mubaya sana. Mutoto yangu alikuwa anakauka na mimi nafikiri namna nitapita mbele ya meza.

Mu klasi, jirani mumoja wa Mbau akaongeza: "Docteur, batoto yetu uliwapiga bote, na wako unamuangalia tu na maji ya muchele?"

"Hapana kumupiga bomba, mama," mama mukwe akasema. Alisema polepole, akiwa bado na kijiko. "Angalia, amekojoa. Hakuna kitu ya kutoa mu huyu mutoto. Iko ya kuingiza tu. Ninaenda kuteka maji, unamupa kijiko mpaka nirudi. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Akabeba bidon, akashuka ku kijito. Mimi nikawasha moto. Majani nilikuwa nayo, nilichuma njiani. Niliponda, nilichuja. Na juu nilikuwa na hasira, niliweka kipimo ya mutoto mukubwa, na pilipili. Nikamulaza juu ya mapaja yangu. Hakulia. Nilisema mu roho: unaona, mukono ungali muzuri. Hakulia juu hakukuwa tena na nguvu ya kulia.

Vyote vikatoka. Ile maji ya vijiko ya siku mbili, mukaka yake aliingiza moja moja akihesabu, ikatoka kwa dakika kidogo, ikaingia mu simenti.

Mama mukwe alirudi, akasimama ku mulango na bidon ku kichwa. Akasikia harufu. Akaitua chini. Hakunitukana. Akamutoa mutoto mu mapaja yangu, akamufunga ku mugongo wake, akasema: "Twende."

Mahali pa kutibiwa pale Beni palijaa basoda ya kuumia, na mulinzi alitufukuza na fimbo. Dereva mumoja wa lori ya muchele alikuwa anashuka Butembo, akatuhurumia, tukapanda juu ya magunia. Ku bariere, bantu ya ule kamanda ama ya ndugu yake, sijui, kwangu ni bamoja, walizuia lori. Walitaka dereva ashushe magunia. Dereva akakataa, wakaketi wakicheza karata. Niliwaonyesha mutoto. Mumoja akasema: "Mama, batoto bengi banakufa, na bale bana mama benye kunyamaza." Tulibakia pale mpaka asubui ya kesho. Mama mukwe alimupa kijiko, kijiko, mpaka kijiko ikawa inarudi ku mudomo.

Ile njo njia tulifika nayo mbele ya munganga wa Butembo na swali yake.

Bwana yangu alikuja pale mbio, na wakamwambia: mama yako njo alipiga bomba. Hakumupigia mama yake kelele. Aliacha tu kula chakula ya mukono yake. Miaka yote yenye mama aliishi na sisi kule Butembo, akipika, bwana yangu anasema ameshiba. Bamama ya kartie waliita batoto yao wakimuona ameketi inje. Wakati nilizaa tena, vita ikiwa imepoa, bamama ya shirika walikuja kuniona. Mumoja akasema, mama mukwe akiwa pale pale: "Huyu mutoto usimuachie mikono yenye tunajua." Na mimi nikasimama, nikamutoa mutoto mu mikono yake. Niliweza kufanya ile. Nilimupokonya.

Siku moja tulikuwa tunatoa maharagi mu maganda, sisi wawili. Nikamuuliza: "Mama, ile siku, juu ya nini ulisema ni weye?"

Aliendelea na maharagi.

"Bwana yako angekufukuza," akasema. "Nani angelea bale wawili? Mimi ni mama yake, hawezi kunifukuza."

"Na kisha? Juu ya nini ulibakia kunyamaza?"

Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu ile benchi ya munganga.

"Kisha nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe."

Sikusema. Aliishi muvua nyingi kisha ile mazungumuzo, na sikusema. Siku ya matanga yake, bwana yangu alisimama mbele ya watu akaomba wamusamehe mama yake ile kosa moja ya maisha. Watu wakaitika amina. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya chakula, nikaitika nao.

Sasa nasema. Siyo mukaka yake. Yeye njo alimukataza. Yeye njo alikuwa anamuponya na maji ya muchele na kijiko, yeye mwenye hakujua hata kuandika a. Bwana yangu atasomewa hii na batoto yetu, na afanye yenye ataona. Na bamama wenye mungali na ile mupira nyuma ya mulango, mutoto akiharisha musitoe kitu mu yeye. Mumupe maji, na akitapika mungoje, na mumupe tena, na mumubebe mbio kwa munganga. Nawaambia mimi, Docteur ya Nyuma, mwenye aliua wake.

Nimejibu yangu. Iko mwingine wa kujibu.

Titulaire, uko na pharmacie mu Butembo, najua barabara yake. Ku ukuta walichora mama na mutoto munene. Niliingia siku moja kutafuta dawa ya tension, ukanijua, ukacheka mbele ya bakliya, wenye kununua: "Docteur ya Nyuma! Ungali muzima?" Siku ya Mungu unaketi benchi ya mbele. Mimi nilikuwa mujinga na mwenye kiburi, mais weye ulijua. Weye njo ulishika ule mufuko wa maji na kuuminya mbele yetu. Ulijua mutoto yangu atakuwa namna gani, na ukanituma.

Hii karatasi nitakuletea mwenyewe, asubui, bakliya wakiwa wamejaa. Nitangoja ku comptoir, ile meza yako ya kuuzia. Usiniambie habari ya vita, vita haikuketi juu ya carton, ni bibi yako. Uniambie mbele yao: ndani ya ile carton mulikuwa sabuni ao mulikuwa saché?